Fuata Bodi, Usifuate Jina: Miezi 14 Nikiitafuta Meli ya Mzee

Kwa miaka minne nilifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani hapa Marekani. Mmoja wao, ambaye nitamwita Mzee tu kwa sababu familia yake haipendi atajwe, alikuwa fundi wa injini kwenye LST wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Herufi hizo tatu ni kifupi cha jina la Kiingereza la meli ya kushusha vifaru: chombo kirefu chenye tumbo bapa, kinachokwenda mpaka kikagota ufukweni, kikafungua milango miwili ya omo, yaani ya mbele, kama kabati, kikateremsha daraja lake, na vifaru na malori yakatoka yenyewe hadi mchangani.

Jioni moja ya mwaka 2014, nikiwa nimeinama namvua soksi, aliniuliza kama ninaijua kompyuta. Nikamjibu kiasi. Akasema, "Basi nitafutie meli yangu iliishia wapi. Wajukuu wananiuliza na sina la kuwajibu. Niliiacha imefungwa gatini mwaka 1946, sijaiona tena."

Nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja. Ilichukua miezi 14, safari mbili za mbali, karibu dola 900 za mfukoni mwangu, na siku moja ambayo nilimuumiza mzee wa watu kwa kujifanya najua. Ninaandika kwa ajili ya yeyote aliyeahidi kumtafutia mzazi au babu meli yake, maana kazi hii ina mitego, nami nilikanyaga karibu yote.

Mtego wa kwanza niliukanyaga usiku ule ule. Nilimuuliza meli iliitwaje. "Haikuwa na jina. Ilikuwa na namba." Hilo ni kweli kwa LST zote za Marekani za wakati ule. Walijenga zaidi ya 1,000 katika muda usiofika miaka minne, na hakuna aliyekaa kuzibuni majina. Tarehe 1 Julai 1955 ndipo zile zilizokuwa bado kwenye daftari la jeshi la majini zilipopewa majina ya kaunti. Meli ya Mzee ilikuwa imeshaondoka, kwa hiyo haikuwahi kuwa na jina la Kimarekani.

Nikaichapa ile namba kwenye kompyuta, ikaja picha ya meli ya aina ile ile, namba ile ile ubavuni, lakini bendera ya nchi nyingine. Nikaichapisha kwa rangi, nikampelekea asubuhi nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Aliishika karibu na macho kwa muda mrefu. "Hii si yetu," akasema. "Mizinga ya mbele imekaa vingine."

Alikuwa sahihi. Namba niliyoiona ilikuwa namba ya jeshi lile jingine, lililoipanga kwa utaratibu wake. Mfano unaojulikana kuliko yote ni BRP Sierra Madre ya Ufilipino, ile iliyokwamishwa makusudi kwenye mwamba wa Second Thomas mwaka 1999 ili wanajeshi wakae juu yake. Ubavuni ina 57, na mtu asiyejua hukimbilia kudhani ni LST-57. Siyo. Ilizaliwa LST-821 mwaka 1944. Mwaka 1955 ikaitwa Harnett County, na katika vita vya Vietnam ikawa meli mama ya boti za doria kwenye delta ya Mekong. Mwaka 1970 ikakabidhiwa Vietnam Kusini ikaitwa My Tho, na baada ya Saigon kuanguka ikafika Ufilipino ikapata jina la nne. Majina manne, majeshi matatu, chuma ni kile kile.

Kuanzia hapo nikajiwekea kanuni: fuata bodi, yaani ule mwili wa chuma wa meli, usifuate jina. Bodi ya meli ina mahali pamoja tu ilipozaliwa, nako ni kwenye kiwanda. Anza na kiwanda na tarehe za kiwanda, kisha teremka nayo mwaka kwa mwaka. Ukianzia kwenye jina la mwisho ukapanda kinyumenyume, utajikuta kwenye ukoo usio wako.

Viwanda vyenyewe vilinishangaza. Nilidhani meli za vita hujengwa pwani. Hizi nyingi zilijengwa katikati ya bara, kando ya mito, kwa sababu viwanda vya pwani vilikuwa na kazi ya manowari kubwa. Evansville, Indiana, mji ulioko mbali kabisa na bahari, ulitoa LST 167. Zilishushwa mtoni kwa ubavu, zikatelemka mto Ohio, zikaingia Mississippi, zikafika New Orleans. Vijana waliozipokea wengi hawakuwa wameiona bahari. Mzee mwenyewe alikuwa mtoto wa mkulima wa mahindi, umri miaka 18.

Mtego wa pili ni tarehe. Meli ina siku ya kulazwa mkuku, yaani uti wake wa mgongo, siku ya kushushwa majini na siku ya kuingizwa kwenye utumishi, na waandishi huchukua yoyote kati ya hizo wakaiita siku ya kuzaliwa. Chukua LST-325, ambayo nitairudia baadaye: mkuku Agosti 1942, majini tarehe 27 Oktoba 1942, utumishi tarehe 1 Februari 1943. Karibu miezi sita kati ya ya kwanza na ya mwisho. Mimi nilichanganya ya pili na ya tatu, nikawaambia wajukuu kwamba babu yao alikuwa baharini mwezi ambao, kumbe, meli yake ilikuwa bado inafungwa nyaya.

Na kuna hili la Wamarekani kutanguliza mwezi kabla ya siku. Kwenye karatasi za utumishi za Mzee kulikuwa na 2-7-46. Mimi niliyesoma shule za kwetu nikaona tarehe 2 Julai. Ni tarehe 7 Februari. Kwa kosa hilo moja nilimweka jeshini miezi mitano ambayo alikuwa tayari yuko nyumbani anapanda mahindi. Tangu siku hiyo kila tarehe naandika mwezi kwa maneno.

Karatasi hizo nazo nilichelewa kuzipata kwa sababu ya maneno ya watu. Kila niliyemuuliza aliniambia, "Zote ziliungua." Ni kweli kulikuwa na moto mkubwa St. Louis mwezi Julai 1973 kwenye jengo la kumbukumbu za wanajeshi, ukateketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18. Lakini yaliyoungua ni ya jeshi la nchi kavu na la anga. Ya wanamaji hayakuguswa. Nilipoteza miezi mitatu kwa kuamini moto ambao haukumhusu Mzee. Faili la mwanajeshi aliyeacha utumishi zaidi ya miaka 62 iliyopita liko wazi kwa umma, yeyote anaweza kuliomba. Mimi nilitozwa dola 70, likaja kwenye bahasha nene.

Faili la mtu linakupa tarehe alizopanda na kushuka. Linalokupa maisha ya meli ni daftari la sitaha, na daftari za miaka ile ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, College Park, Maryland. Nilikwenda kwa basi usiku kucha. Ukienda, jua kwamba utatengenezewa kadi ya mtafiti siku ya kwanza, kwa hiyo fika mapema, la sivyo asubuhi yote inaishia kwenye dawati. Kalamu za wino haziruhusiwi, ni penseli tu. Begi na koti unaviacha kwenye kabati. Kamera inaruhusiwa bila mwanga. Mimi nilikwenda na kalamu mbili nzuri na simu yenye betri mbovu.

Boksi lilipoletwa kwa kitoroli nilihisi mikono imekuwa baridi. Ndani kulikuwa na karatasi nyembamba zilizochapwa kwa taipu, ukurasa kwa kila siku, zamu kwa zamu, na chini ya kila zamu sahihi ya ofisa. Nilitegemea mizinga na moshi. Nilichokuta ni "tunaendelea kama awali". Zamu inayofuata: "Tunaendelea kama awali." Wakiwa bandarini: "Tumefungwa kama awali." Kurasa na kurasa. Katikati yake baharia mmoja amechelewa kurudi kutoka matembezini, viazi vimepokelewa vikakaguliwa, injini ya kushoto imesimamishwa kwa dakika 40 kisha ikawashwa.

Siku ile nilivunjika moyo. Baadaye nikaelewa kwamba hayo ndiyo maisha ya meli, na kwamba ile injini ya kushoto iliyosimama dakika 40 alikuwa amelala chini yake kijana ambaye sasa namvua soksi.

Hapa nikaanguka kwenye mtego ambao Mswahili peke yake anaweza kuanguka. Daftari linasema meli iligota ufukweni saa 0640. Kwenye daftari langu la penseli nikaandika "saa 6:40", kisha nikaendelea. Wiki mbili baadaye, nyumbani, nikiandika kwa Kiswahili, nikasoma maandishi yangu mwenyewe kama saa sita na dakika arobaini, yaani mchana. Nikapeleka meli kwenye jedwali la maji kupwa na kujaa, nikakuta nahodha ameigotesha maji yakiwa yamekupwa kabisa. Nikaanza kumlaumu nahodha wa watu moyoni. Nilitumia wiki nzima kutafuta sababu, hadi nikamuuliza Mzee.

Alinieleza taratibu, kwa mikono, mto wa kitanda ukiwa ndio ufuko. Baharini, meli hujaza matangi yake maji ya farumi ili izame kidogo na itulie, maana tumbo bapa hugaagaa vibaya mno. Ikikaribia nchi kavu, farumi hupigwa pampu kutoka nje, omo ikainuka mpaka ikahitaji kama mita moja tu ya maji. Kabla ya kugota, nanga ya tezi huangushwa nyuma kabisa, waya wake ukifunguka huku meli ikisogea. Huo waya ndio utakaoivuta kurudi. Normandy, pwani ya Ufaransa ambako maji hupanda na kushuka zaidi ya mita sita, waligotesha meli maji yakianza kupungua, wakaiacha ikae mchangani pakavu, malori yakashuka bila kulowa, na kujaa kulipofika ikaelea wakaivuta kwa winchi. "Kwa hiyo lazima iwe alfajiri," akasema. "Nahodha angegotesha maji yamekupwa, yangejaa yakamkuta milango iko wazi."

Saa 0640 ni saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Nilikuwa nimeisogeza meli saa sita nzima. Ukinakili nyaraka za namna hii, iache saa kama ilivyo, tarakimu nne, usiitafsiri hadi siku ya mwisho.

Kuna picha moja ya jeshi la majini la Marekani ya tarehe 12 Juni 1944 inayoonyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote. LST-325 na LST-388 zimekaa juu ya mchanga, maji yamekwenda zake. Unaona vile usivyopaswa kuviona: mapangaboi, usukani, na ile nanga ya tezi imening'inia nyuma ya LST-325. Nilimwekea Mzee picha hiyo kwenye skrini kubwa. Alinyoosha kidole kwenye nanga, hakusema kitu, akakiacha kidole pale pale.

Jambo jingine kuhusu daftari za sitaha: zinanyamaza mahali ambapo ungetaka ziseme. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Aprili 1944, boti za Wajerumani zilivamia msafara wa LST zilizokuwa kwenye mazoezi katika ghuba ya Lyme, kusini mwa Uingereza. LST-507 na LST-531 zilizama, LST-289 ikararuliwa tezi. Walikufa watu 749. Wengi walikuwa wamefunga maboya kiunoni badala ya makwapani, na mizigo ya mgongoni ikawapindua kichwa chini. Meli ya Mzee ilikuwa bandarini siku hiyo, pwani ile ile. Nilifungua ukurasa nikiwa nimejiandaa. "Tumefungwa kama awali." Zamu zote.

Nilipomuuliza, alisema walijua kesho yake, na waliamriwa kufunga midomo. Hapo ndipo nilipojifunza kutosoma daftari la meli moja pekee. Soma na la meli dada zake zilizokuwa kundi moja, na ripoti za mapigano, na orodha za mabaharia zilizokuwa zikipelekwa makao makuu. Kinachofichwa kwenye moja hujitokeza kwenye nyingine.

Sasa nifike kwenye siku ninayoijutia. Mzee alikuwa akisema kila mara, "Sisi tulitua siku ya kwanza." Yaani siku ya uvamizi wa Normandy, tarehe 6 Juni 1944, kwenye ufuko wa Omaha. Picha zangu za daftari zilionyesha meli yake imegota tarehe 7. Nilikuwa nimeshasoma pia kwamba siku ya kwanza LST nyingi zilibaki mbali na ufuko, zikipakulia magari kwenye majahazi bapa ya chuma yaliyoitwa Rhino. Kwa hiyo, Jumapili moja, wajukuu watatu wakiwa sebuleni, aliposema tena, nikamsahihisha. Kwa adabu, nilidhani. "Mzee, daftari linasema ni siku ya pili."

Alinyamaza. Mjukuu mmoja akacheka kidogo, akasema babu amezeeka. Mzee akaomba apelekwe chumbani, na kwa siku nne hakuitaja meli. Nilikuwa naingia na dawa zake, natoka, chumba kimepoa.

Kilichonisumbua ni kwamba karatasi ilikuwa upande wangu lakini moyo haukuwa. Nikarudi kwenye picha zangu nikagundua kwamba sikuwa nimepiga ukurasa wa tarehe 6 wote. Nilipiga zamu za asubuhi, betri ya simu ikafa, nikaruka kwenda tarehe 7. Kwa uzembe huo wa betri nililazimika kupanda basi mara ya pili, malazi siku mbili, na kupoteza malipo ya zamu tatu za kazi. Nusu ya zile dola 900 ziliishia hapo.

Ukurasa ulikuwepo. Zamu ya mchana, mstari wa nne: boti mbili ndogo za meli zimeshushwa, zimeelekea ufukweni, zitaripoti zikirudi. Kila LST ilining'iniza boti ndogo ubavuni kwa ajili ya kupeleka watu nchi kavu, na kila boti ilikuwa na mwenye usukani, wa kamba, na fundi wa injini. Majina ya waliokwenda hayakuandikwa. Lakini kwenye faili la Mzee, ambalo nilikuwa nalo nyumbani miezi yote ile, kulikuwa na mstari mfupi unaosema amepangwa kwenye kikosi cha boti kuanzia Mei 1944. Nilikuwa nimeuona nikaupita.

Alitua siku ya kwanza, kwa boti. Meli yake ilitua siku ya pili. Alichosema kilikuwa kweli na daftari lilikuwa kweli, na aliyekosea ni mimi niliyeifuata bodi nikasahau kwamba mtu hushuka kwenye bodi.

Niliwaomba wajukuu wote watatu waje tena Jumapili iliyofuata. Nikaisoma ile mistari miwili, wa daftari na wa faili, nikasema nilikosea na babu yao alikuwa sahihi tangu mwanzo. Yule aliyecheka alikwenda akakaa chini karibu na kiti chake. Mzee aliniambia, "Hukuuliza kwa chombo gani, binti." Kweli sikuuliza. Kabla ya kumsahihisha mzee yeyote, muulize alikuwa amesimama wapi, ndani ya nini, na nani alikuwa kulia kwake. Na kama bado hamkubaliani, ongeeni wawili, watoto wakiwa wametoka.

Majira ya joto ya mwaka 2015 tulimpeleka Evansville kuiona LST-325, ambayo kituo chake kilikuwa pale tangu 2005 na bado inatembea kwa injini zake. Maisha ya meli hiyo yanastahili kusimuliwa peke yake. Ilikuwa Sicily, Salerno na Normandy. Desemba 1944 iliokoa mamia ya watu kutoka meli ya askari Empire Javelin. Baada ya vita ililala, ikaamshwa mwaka 1951 kupeleka vifaa vya vituo vya rada kaskazini kwenye barafu, kisha mwaka 1964 ikakabidhiwa Ugiriki ikaitwa Syros, L-144, ikatumika huko hadi 1999. Ndipo wazee wa Kimarekani waliowahi kuzitumikia meli hizi, wastani wa umri wao miaka 72, wakaenda Krete wakaitengeneza wenyewe, wakaivusha Atlantiki majira ya baridi, wakafika Mobile, Alabama, tarehe 10 Januari 2001. Ukihesabu, miaka yake ya amani chini ya bendera ya wengine ni mingi kuliko mara kumi ya miaka yake ya vita. Ndivyo ilivyo kwa nyingi ya meli hizi, na ndiyo maana anayeishia mwaka 1945 anasimulia utoto tu.

Ushauri kwa anayempeleka mzee: ngazi za meli hizi ni za chuma, wima, nyembamba. Piga simu kwanza uulize sehemu zipi zinafikika bila ngazi. Sisi tulibahatika kwa kuwa sitaha ya vifaru inaingilika kupitia omo, pale pale vifaru vilipotokea, bila kupanda. Mzee aliingia kwa kiti cha magurudumu katikati ya milango ile mikubwa, akavuta pumzi ndefu. Harufu ya dizeli na rangi. Chumba cha injini hakuweza kushuka, magoti hayakukubali. Nilishuka mimi, naye akiwa juu ananielekeza kwa sauti: geuka kushoto, angalia mkono wa kulia, kuna kiti cha kukalia mtu wa zamu? Zilikuwepo injini mbili za General Motors, silinda 12 kila moja, ndugu wa zile zilizokuwa zikivuta treni. Mbili kwa pamoja zilitoa nguvu farasi 1,800, za kusukuma meli ya mita 100 kwa mwendo usiozidi noti 12. Mabaharia wenyewe walisema LST ni shabaha kubwa ya polepole. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa Mzee ngama, kule chini kabisa tumboni, ndiyo ilikuwa meli yote. Ya juu aliyasikia kwa kishindo tu.

Kilichobaki ni swali lake la kwanza: iliishia wapi. Hifadhi ya Marekani inakufikisha kwenye ukurasa ambapo bendera inateremshwa na ofisa anasaini mara ya mwisho. Baada ya hapo faili ni tupu, na kwenye orodha rasmi kuna mstari mmoja unaosema imekabidhiwa nchi fulani ya Asia. Wengi huishia hapo. Usiishie. Andika barua kwa makumbusho ya jeshi la majini la nchi iliyopokea, barua fupi, ya lugha yao ukiweza. Taja namba ya zamani, kiwanda na tarehe ya kukabidhiwa, na uambatanishe picha. Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa tatu za Kiingereza kuhusu Mzee na wajukuu, haikujibiwa. Ya pili ilikuwa mistari minane, nilisaidiwa kuitafsiri na mfanyakazi mwenzangu anayetoka nchi hiyo. Jibu lilikuja baada ya wiki saba.

Meli ile ilikuwa imefanya kazi miaka 26 zaidi. Ilibeba askari, kisha mchele, kisha wahanga wa tufani, kisha kwa miaka ya mwisho ilikuwa ghala linaloelea, hadi ikauzwa ikakatwa vyuma chakavu. Niliichora yote kwenye karatasi moja ndefu, bodi moja, majina mawili, nikaibandika ukutani mbele ya kitanda chake. Nilitegemea auangalie mstari wa Normandy.

Aliuangalia ule wa miaka 26. "Injini walibadilisha?" akauliza.

Sikujua. Katika miezi 14 haikunijia hata siku moja kuuliza hilo. Usiku ule nikaandika barua nyingine, mistari mitano, na safari hii jibu lilikuja kwa barua pepe ndani ya siku tisa: injini zilikuwa zile zile mbili, ya kushoto ilifunguliwa ikatengenezwa mara moja, na zote mbili zilikuwa zinawaka siku meli ilipopelekwa kukatwa.

Nilimsomea asubuhi kabla ya chai. Akaniomba nirudie ile sehemu ya injini ya kushoto.